Pensheni ya Askari Aliyekufa: Ipi Mirathi na Ipi Ruzuku?

 Darsa yetu ya mara hii imetokana na shauri lililoletwa mbele yetu baada ya sala ya alasiri. Na kwa kuwa tulikwisha kuletewa mfano wake zaidi ya mara moja, tumeona ni bora kuliandika kuliko kulijibu nyumba kwa nyumba.

Walitujia watu wawili, mtu na shemegi yake, yaani mjane wa nduguye. Marehemu alikuwa askari polisi, na aliuawa bara akiwa kazini. Ameacha mke, mwana mmoja wa kiume, mabinti wawili wadogo, na mama mzee. Yule ndugu alishika karatasi aliyotaka mjane aitie dole gumba, ya kwamba pensheni itakayotoka kila mwezi igawanywe nusu kwa nusu: nusu ya mjane na watoto, na nusu ya mama na ndugu za marehemu. Hoja yake ni kuwa marehemu alikuwa mtoto wa nyumba yao kabla hajawa mume wa mtu. Mjane naye hakuja mikono mitupu. Alikuwa na nakala ya fomu iliyoandikwa jina lake peke yake, fomu ya akiba aliyokuwa akikatwa marehemu katika mshahara wake, na akasema: "Sheikh, hii ni yangu mimi. Serikali yenyewe imeandika. Mavyaa hana lake humu."

Tuliwasikiza wote wawili, kisha tukawaambia kwamba yule ndugu anadai katika mali ambayo nyumba yao haina fungu, na mjane anazuia mali ambayo mavyaa ana fungu. Wakatazamana, kwani kila mmoja alidhani amekuja kuhukumiwa mwenziwe.

Asili ya ugomvi huu, na wengi walio mfano wake, ni jina. Watu wetu kila fedha itokayo serikalini baada ya mtu kufa huiita "pesa za marehemu", na wakishaiita hivyo huitia yote katika chungu kimoja, kisha mwenye nguvu ndiye mwenye upawa. Na fedha hizo si moja. Ziko alizozichuma marehemu kwa jasho lake akazikusanya. Ziko zitolewazo kuwa badali ya roho yake. Na ziko ambazo hakuzimiliki hata siku moja katika uhai wake, bali serikali huwapa walio nyuma yake ili wasiadhirike. Mwenye kuzichanganya hizi atamdhulumu mtu tu, hata akiwa na nia njema.

Na katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) mbagano huo umewekwa wazi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim alieleza ya kwamba Muislamu akifa na ameacha mali, basi mali hiyo ni ya warithi wake. Na akiwa ameacha deni au watu dhaifu wasio na wa kuwatunza, basi hao waende kwake yeye Mtume, naye ndiye atakayewasimamia. Ifikirini hadithi hii, enyi ndugu. Mali ina njia yake, nayo yaenda kwa warithi. Na udhaifu wa watoto una njia yake nyingine, nao waenda kwa mwenye kushika mambo ya watu. Mtume hakusema kwamba atakachowapa wale dhaifu kigawanywe kwa mafungu ya mirathi.

Natuanze na mali. Sharia huiita tirka, nayo ni kila alichokiacha maiti kilichokuwa milki yake au haki yake. Katika fedha za askari, iliyo wazi kabisa ni mshahara aliokuwa hajaupokea, na malimbikizo yake kama yako. Kisha kuna kiinua mgongo kinacholipwa mtumishi wa serikali akifia kazini. Hiki sheria ya pensheni ya Kenya, sura ya 189, hukitoa kwa msimamizi wa mirathi, wala haimtaji mjane peke yake. Maana yake ni kwamba hata mtunga sheria amekiweka pamoja na mali ya maiti. Na sisi twasema ni tirka, kwa sababu ni malipo ya kazi aliyoifanya.

Tirka haigawanywi mpaka yatoke yanayotangulia: gharama za maziko zisizo na israfu, madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Na katika madeni tukumbushe moja ambalo huku kwetu husahauliwa kwa makusudi. Mahari aliyokuwa akidaiwa marehemu ni deni. Kama mjane alibakishiwa mahari, basi huyachukua kwanza kama mdai yeyote, kisha ndipo achukue fungu lake la mirathi. Anayemwambia mjane "chagua mahari au mirathi" amemdhulumu.

Na jinsi ya kugawanya ilifundishwa katika kisa cha mjane wa mpiganaji. Saad bin Rabii (r.a.) aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake akaitwaa mali yote, kama ilivyokuwa ada ya Waarabu, kwani mirathi kwao ilikuwa ya wanaume wenye kubeba silaha. Yule mama akawachukua wanawe wawili akaenda nao kwa Mtume, akamshitakia ya kwamba baba yao amekufa shahidi, na ami yao amechukua kila kitu, na mabinti hawaolewi ila wawe na mali. Ikateremka Aya ya mirathi. Mtume akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, na mama yao thumni, na kilichobaki kiwe chake. Basi tazameni: ami hakunyimwa. Alipewa tano katika ishirini na nne. Lakini alipewa mwisho, baada ya wenye mafungu kupata mafungu yao.

Katika shauri lililotujia sisi, ami hana kitu katika tirka, kwa kuwa marehemu ameacha mwana wa kiume, na mwana humzuia ndugu. Wenye haki ni mjane, mama, na watoto watatu. Mjane ana thumni, yaani moja katika nane, kwa kuwa marehemu ana watoto. Mama ana sudusi, yaani moja katika sita. Kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na kila binti fungu moja. Tuchukue mfano kwamba baada ya madeni zimebaki shilingi 960,000. Mjane atapata 120,000. Mama atapata 160,000. Mwana atapata 340,000, na kila binti 170,000. Na lau marehemu alikuwa na wake wawili, ile 120,000 ingekuwa yao wote wawili, kila mmoja 60,000. Hapewi mkubwa kwa ukubwa wake, wala mdogo kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikaa naye.

Yule ndugu aliposikia hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na ile ya kila mwezi?" Hilo ndilo suala lenyewe.

Pensheni ya kila mwezi inayopewa mjane na watoto wa askari si mali aliyoiacha. Marehemu hakuwa na uwezo wa kuiuza, wala kuitoa sadaka, wala mdai wake hakuweza kuikamata. Haikuwako siku aliyokuwa hai. Imepatikana kwa kufa kwake, nayo hutolewa katika hazina kwa watu waliotajwa na sheria kwa sifa yao ya kuwa wategemezi. Kwa hiyo ni ruzuku, na ruzuku ni ya aliyepewa. Hivi ndivyo walivyosema wengi katika wanazuoni wa zama zetu walioulizwa jambo hili katika nchi za Kiislamu, na sisi hatuoni njia nyingine. Ndugu wa marehemu hana fungu humo. Na hata mama, ikiwa sheria haikumtaja, hana dai juu ya fedha ya wajukuu wake, ingawa ana haki ya kutendewa ihsani, nayo ni haki kubwa.

Msidhani kwamba jambo hili la serikali kuwalisha waliofiwa ni zao la Wazungu. Sayyidna Umar (r.a.) aliweka diwani, yaani daftari la wapiganaji na watu wao na kiasi cha kila mmoja katika baitulmali, na kauli mashuhuri ni kwamba ilikuwa mwaka wa 20 wa Hijra. Mwanzo mtoto alikuwa haandikiwi mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja Umar alikuwa akilinda msafara wa wafanya biashara waliofikia nje ya Madina, pamoja na Abdurrahman bin Auf, akasikia mtoto analia. Akaenda kwa mama yake mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, mwishowe yule mama, naye hamjui ni nani, akamwambia kwamba anamzoeza kuacha ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Umar haandiki mtoto anyonyaye. Inasimuliwa kwamba alipowasalisha watu alfajiri walikuwa hawasikii kisomo chake kwa kilio. Kisha akatangaza kwamba kila mtoto wa Kiislamu aandikiwe tangu siku anayozaliwa, dirham 100.

Na Bukhari amepokea kisa kingine kinachohusu shauri letu zaidi. Mwanamke kijana alimkuta Umar sokoni, akamweleza ya kwamba mumewe amekufa na amemwachia watoto wadogo wasio na shamba wala mfugo, na kwamba yeye ni binti wa Khufaf bin Imaa, aliyekuwapo Hudaibiya pamoja na Mtume. Umar alisimama naye wala hakumpita. Akaenda akachukua ngamia mwenye nguvu, akampakia magunia mawili ya chakula, na kati yake nguo na matumizi, akampa hatamu mkononi mwake. Mtu mmoja akasema kuwa amemzidishia. Umar akamkemea, akamwambia kwamba amewaona baba na ndugu wa mwanamke huyu wakiizingira ngome mpaka ikafunguka, na sasa wao ndio wanaojigawia faida zake. Yaani hiki si hisani tu. Watu hawa wametangulia kulipa.

Basi ngamia yule alipewa nani? Alipewa yeye, kwa mkono wake. Hakuitwa ami wa watoto wala hakuulizwa nani ni asaba. Askari polisi, askari jela, mzima moto, hawa ni watu wanaosimama mlangoni ili sisi tulale. Mmoja wao akifa mlangoni, wale wanaolipwa kwa ajili yake hawakuomba.

Hata hivyo yafaa mjane ajue mipaka ya kitu hiki, asije akajenga juu ya mchanga. Kwa sheria ile ya zamani, pensheni ya wategemezi wa mtumishi aliyefia kazini hulipwa kwa miaka 5 tangu kufa kwake, kisha hukoma. Aliyeuawa katika kutekeleza wajibu wake, sheria imemwekea mlango wake mbali, na jamaa zake wasikubali kuandikwa katika ule mlango wa kwanza kwa kutojua. Waulize, na wadai taarifa ya namna alivyokufa iwemo ndani ya faili. Nasi twasema wazi maoni yetu juu ya ile miaka 5. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa na miaka 2 itakomewa akiwa na miaka 7, ndiyo kwanza anashika kalamu. Sayyidna Umar alianza kwa mtoto anyonyaye na akamzidishia kadiri alivyokua. Hakuhesabu tangu siku ya maziko. Wabunge wetu wa Pwani wangeitazama sheria hii kwa jicho hilo wangepata thawabu.

Na fedha ya watoto ni ya watoto. Mama huipokea kwa mkono wake, lakini mkono huo ni mkono wa amana. Qur'ani imefundisha kwamba mlezi wa yatima akiwa tajiri ajizuie, na akiwa fakiri ale kwa wema. Mjane asiye na kazi akila pamoja na wanawe chungu kimoja hana lawama. Lakini akiolewa baada ya eda, na kuolewa ni haki yake, ile fedha haiwi mtaji wa mashua ya baba wa kambo.

Sasa tumgeukie mjane na fomu yake. Hapa ndipo penye utata, na tunawaomba mtusome taratibu.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 watumishi wa serikali, nao polisi wamo, waliingizwa katika mpango mpya wa pensheni. Waliokuwa chini ya miaka 45 siku ile waliingia kwa lazima. Mtumishi hukatwa katika mshahara wake: mwaka wa kwanza asilimia 2, wa pili asilimia 5, na tangu wa tatu asilimia 7 na nusu, na serikali humtilia asilimia 15. Fedha hizo huandikwa kwa jina lake. Mtumishi huambiwa ajaze fomu amtaje mtu, au watu, watakaolipwa akifa. Na sheria ya nchi juu ya mafao ya kustaafu, katika kifungu chake cha 36A, yasema kwamba mafao hayo si sehemu ya mirathi ya mwanachama kwa ajili ya usimamizi, bali wadhamini wa mpango huyatoa kwa mujibu wa kanuni zake. Kwa hiyo mjane wetu hakusema uongo. Mbele ya karani, fomu ile ina nguvu.

Lakini suala la Muislamu haliishi kwa karani. Fedha iliyokatwa katika mshahara wa mtu ni mshahara wake uliocheleweshwa, na ile aliyotiliwa na mwajiri ikishakuwa haki yake ni sehemu ya ujira wake. Hiyo ni tirka. Na kuandika katika fomu kwamba "nikifa apewe fulani" si kumpa sasa, kwa kuwa angeweza kuifuta kesho. Ni kumpa baada ya kufa, na kumpa mtu baada ya kufa jina lake ni wasia. Na Mtume ametufundisha kwamba hapana wasia kwa mrithi, ila warithi wenziwe waridhie. Mke ni mrithi. Basi jina lake katika fomu lamfanya awe mpokezi, lamfanya awe amini. Halimfanyi mama wa marehemu kuwa si mama. Akishapokea, sharia yamtaka aitie katika tirka, achukue thumni yake, ampe mavyaa sudusi yake, na ya watoto ayatunze.

Wako wenye elimu wanaosema kwamba sehemu aliyotia mwajiri ni hiba kwa aliyetajwa. Twaiheshimu kauli yao, lakini hatukuridhika nayo, maana mwajiri hamjui mke wala mama; humjua mfanya kazi, na humlipa kwa kazi yake.

Yule mjane alituuliza, na macho yake hayakuwa makavu: "Na kama mavyaa akinisamehe?" Tukamjibu kwamba mavyaa, akiwa na akili yake na hakutishwa wala kuonewa haya, aweza kumsamehe fungu lake lote, na hiyo itakuwa sadaka njema. Lakini fungu la watoto hakuna awezaye kulisamehe, si mama wala ami wala kadhi, mpaka wakue. Na hili lilimhusu yule ndugu pia: karatasi yake, hata mjane angeitia madole kumi, haiwezi kutoa fedha ya yatima.

Limebaki fungu la tatu, nalo ni fidia. Ikiwa askari amekufa kwa ajali au kwa jeraha la kazini, iko sheria ya mwaka 2007 ya fidia za waumiao kazini, inayowalipa wategemezi. Na tena katika ule mpango mpya serikali imelazimishwa kuwawekea watumishi bima ya maisha. Wanazuoni wamekhitalifiana katika fidia ya namna hii. Wako waliosema ni ruzuku kama pensheni. Wako waliosema ni mfano wa diya, kwa kuwa imetolewa badali ya roho. Na diya hurithiwa, na mke humo. Sayyidna Umar mwenyewe alikuwa akiona kwamba mke harithi katika diya ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomwambia kwamba Mtume alimwandikia ampe mke wa Ashyam adh-Dhibabi fungu katika diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake papo hapo. Sisi katika fidia ya mkupuo twaelemea upande wa diya, kwa kuwa ni salama zaidi kwa dhimma ya mpokezi, na kwa kuwa humpa mama aliyezaa fungu ambalo karatasi za ofisi mara nyingi humsahau. Lakini asiyefuata rai hii hatumwiti mla haramu, madhali ameshika kauli ya wanazuoni. Na juu ya bima yenyewe, na riba inayoweza kuingia katika faida za akiba, hiyo ni darsa nyingine.

Tumesema mengi ya ofisini. Natuseme na ya mitaani. Fedha za kwanza kufika, nazo ni zile za msaada wa maziko na michango ya wenziwe kazini, huishia katika biriani. Siku ya tatu, siku ya saba, arubaini. Mahema, mbuzi, maji ya chupa, na wasomaji wenye bahasha. Ikiisha arubaini mjane yumo katika eda, deni limo dukani, na wale waliokula hawapo. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaamuru watu wawapikie jamaa za Jaafar, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Huko jirani ndiye aliyepika na mfiwa ndiye aliyekula. Sisi tumeigeuza sunna juu chini: mfiwa hupika na jirani hula, na mara nyingine chungu chenyewe kimenunuliwa kwa fungu la yatima. Na Mwenyezi Mungu amewatishia wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Anayetaka kumsomea maiti na amsomee nyumbani kwake, kwa mafuta ya taa yake mwenyewe.

Na wanaume walio hai na wamo katika kazi hizi, tuna neno nao pia. Wengi wenu mmeoa kwa shekhe wa mtaa, na nikahi yenu ni sahihi kwa Mwenyezi Mungu. Lakini karani wa pensheni hakuwapo siku ya nikahi. Sheria ya ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa ya Kiislamu nayo iandikishwe. Mke asiye na hati hubaki anazungushwa na barua za chifu, na mke wa pili, aliyefichwa kwa kuogopwa wa kwanza, huonekana ofisini kana kwamba ni mwizi. Andikisheni ndoa zenu, zote. Tafuteni vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ile fomu mliyoijaza siku ya kuandikwa kazi, pengine mkiwa hamjaoa, itazameni tena. Na mkimwandika mke kuwa mpokezi, andikeni wasia mbali, mbele ya mashahidi wawili, ya kwamba amewekwa kupokea kwa niaba ya warithi wote kwa mujibu wa sharia. Karatasi moja kama hiyo ingetuondolea kikao kile cha alasiri.

Na wakikhitalifiana warithi, Katiba katika kifungu cha 170 imewapa makadhi uwezo wa kuamua mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nao, na tangu mwaka 1990 sheria ya urithi ya nchi imewatoa Waislamu katika hukumu zake za nani arithi na kwa fungu gani. Basi enendeni kwa kadhi mtolewe hukumu yenye majina ya warithi na mafungu yao. Msiende kwa wakala wa mlangoni anayetaka sehemu ya kumi ili faili litembee.

Tukirudi kwa wale wawili: yule ndugu aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni, na tulipomwomba atupe tuichane alikataa, lakini wiki ya pili aliileta mwenyewe. Mjane alikubali kuitia ile akiba katika tirka, baada ya kutoa mahari yake yaliyobaki. Mavyaa alipelekewa hesabu yake iliyoandikwa, akaikubali sudusi wala hakuisamehe, na ni haki yake. Alisema ataezeka nyumba ambayo wajukuu hulala wakija likizo. Pensheni ya kila mwezi, hadi tuandikapo haya, bado haijatoka. Karatasi zote zimekwisha pelekwa, na nakala zake ziko kwetu.

Wallahu aalam.